Mtoto asiyetulia: fomu peke yake au uchunguzi kamili, kidonge au mafunzo ya mzazi

Wazazi wa hapa Tanga wakishaambiwa kwamba huenda mtoto wao ana ADHD, swali la kwanza huwa moja: apewe dawa au asipewe? Nawaelewa. Lakini nimefundisha shule ya msingi hapa mjini kwa miaka mingi, na naona swali hilo linakuja mapema mno. Kabla ya kuchagua dawa kuna kuchagua mtoto atachunguzwaje na nani atamfuatilia. Hapo pakiharibika, dawa itaishia kwa mtoto ambaye shida yake ni nyingine, na yule anayeihitaji ataendelea kuchapwa kwa utundu ambao hakuutaka.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto anashindwa kushika umakini, au anashindwa kutulia na kujizuia, au yote pamoja, kwa kiwango kinachomharibia masomo, urafiki na maisha ya nyumbani. Inarithiwa kwa kiasi kikubwa. Mara nyingi ukimwuliza baba alikuwaje shuleni, bibi ndiye anayejibu huku akicheka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulipata wastani wa takriban asilimia 5 ya watoto. Katika darasa la watoto 80, kama haya yetu, hao ni watoto 4. Si wengi, lakini wapo, na si wote ndio wale wanaopanda madawati.

Kuchunguza: fomu peke yake, au uchunguzi kamili

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ADHD, wala picha ya kichwa. Daktari anategemea maelezo ya watu wanaoishi na mtoto, kisha anayapima kwa vigezo. Vinavyotumika sana ni vya mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uitwao DSM-5, wa mwaka 2013. Una dalili 18: 9 za kukosa umakini, 9 za utukutu na pupa. Mtoto awe na angalau 6 za kundi mojawapo. Aliyefikisha miaka 17 zinatosha 5. Zidumu miezi 6 au zaidi, baadhi ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, na ziwe zinamkwamisha kweli.

Fomu inageuza vigezo hivyo kuwa maswali: anasahau vitu? hamalizi kazi? anajibu kabla swali halijaisha? Uzuri wake ni kwamba haina gharama kubwa, mwalimu anaijaza wakati wa mapumziko, na ikijazwa tena baada ya miezi miwili inaonyesha kama kuna kilichobadilika. Mimi naipenda fomu kwa kazi hiyo. Ninachokataa ni kuifanya ndiyo hukumu. Fomu inaandika kile anachokiona anayejaza, na anayejaza ni binadamu. Mwalimu aliyechoka ataweka "mara nyingi sana" kila mstari. Mama anayeogopa mwanawe asije akaitwa mgonjwa wa akili ataweka "mara chache". Tena fomu inahesabu dalili tu. Haiulizi zimetoka wapi.

Kuna utafiti mmoja ambao kila mwalimu angeufahamu. Katika majimbo ya Marekani ambako mtoto huanza shule akiwa ametimiza miaka 5 ifikapo Septemba 1, waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kuliko wote darasani, walipewa jina la ADHD kwa asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba, ambao ndio wakubwa wa darasa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Mwezi wa kuzaliwa haubadilishi ubongo kiasi hicho. Kilichokuwa kinapimwa kwa wengi wao ni utoto. Huku kwetu aliyezaliwa Desemba anakaa dawati moja na aliyezaliwa Januari ya mwaka uleule. Amepitwa karibu mwaka mzima, na akiwa na miaka 6 mwaka mzima ni umri mkubwa. Mzazi akiniuliza kuhusu mtoto wa darasa la kwanza, jambo la kwanza nalotazama ni tarehe ya kuzaliwa.

Ubishi wa wataalamu nao umejikita hapohapo, kwenye upana wa mlango. Mwongozo wa zamani wa Shirika la Afya Duniani, ICD-10, ulitaka mtoto awe na vyote viwili, kukosa umakini na utukutu, ndipo apewe jina; waliopita walikuwa wachache. Wamarekani walikubali kimoja kitoshe, wakapata wengi. ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imesogea upande wa Wamarekani. Kule Marekani, takwimu za serikali za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 11.4 ya watoto wa miaka 3 hadi 17 wamewahi kuambiwa wana ADHD, yaani watoto kama milioni 7. Wanaosema wamezidisha wana hoja. Lakini hoja hiyo haihamishiki hapa kama ilivyo. Shida ya Tanga si kuzidisha. Mtoto anaweza kufika darasa la saba hajawahi kuulizwa swali hata moja na mtu wa afya, ila amepewa majina ya mtaani ya kutosha.

Sasa uchunguzi kamili. Unachukua zaidi ya siku moja, kwa hiyo kuna nauli na kuna siku ya biashara iliyopotea. Mama anayekaanga vitumbua alfajiri anaihesabu hiyo. Unataka daktari aulize mimba ilikuwaje, mtoto alilia alipozaliwa, aliwahi kulazwa kwa malaria kali au degedege, analala saa ngapi, nyumbani kuna ugomvi, nani amefariki. Unataka masikio na macho yapimwe. Unataka mtoto mwenyewe aongee. Na unataka habari kutoka mahali zaidi ya pamoja.

Hapo watu wa pwani tuna bahati ambayo hatuitumii. Watoto wetu wengi wana mahali patatu: nyumbani, shule na madrasa. Ustadhi anakaa na mtoto saa nyingi, anamjua, tena anamwona akifanya kazi inayotaka umakini hasa, kuhifadhi. Mtoto asiyetulia darasani lakini anakaa na msahafu wake hadi sala ya alasiri ananitia shaka. Nawaza darasa, nawaza ubao asiouona. Asiyetulia kote kote, akaanguka kwenye kisima, akavuka barabara bila kutazama, huyo nampeleka mbele haraka. Tahadhari moja: wenye ADHD nao hutulia wakiwa wachache au wakifanya wanachokipenda, kwa hiyo kauli ya ustadhi haifuti ADHD. Inaongeza habari tu. Mwombeni aandike nusu ukurasa, mwupeleke hospitalini pamoja na wa mwalimu.

Vinavyofanana na ADHD, navyo ni vingi

Sehemu hii ndiyo inayonifanya niupiganie uchunguzi kamili, na nitakaa hapa kidogo.

Nilikuwa na mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akitembea darasani somo likiendelea. Ukimwita kutoka upande wa dirisha hageuki. Ukimwita kutoka upande wa mlango anageuka. Nikamsogelea. Sikio la kushoto lilikuwa na pamba iliyokauka, na nyuma ya pamba harufu. Usaha ulikuwa unatoka tangu kabla hajaanza shule, na nyumbani walishauzoea. Fomu yake ingejaa alama, maana hafuati maelekezo, anaonekana hasikilizi anaposemeshwa, hamalizi kazi. Alihitaji daktari wa masikio.

Mtoto mwenye upungufu wa damu kwa malaria za mara kwa mara au minyoo anasinzia, hashiki anachosomewa. Kichocho kipo pwani hii, nacho kinamaliza damu na nguvu. Mwenye seli mundu anaweza kupata kiharusi kidogo cha ubongo ambacho hakuna aliyekiona, kisha umakini ukaanza kupungua. Malaria iliyopanda kichwani inaacha alama: utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta takriban mtoto 1 kati ya 4 waliopona malaria ya ubongo bado ana upungufu wa akili au umakini miaka 2 baadaye. Mtoto huyo anahitaji msaada shuleni hata kama jina la shida yake ni jingine.

Kuna kifafa kisichoangusha. Mtoto anaganda sekunde chache, macho yanakodoa au yanapepesa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza kumtokea mara nyingi kwa siku. Mwalimu anaandika "anaota mchana". Dawa ya ADHD haitibu hilo.

Na kuna dawa ambayo yenyewe inaleta utukutu. Fenobabitali, inayotolewa sana kwa kifafa kwa sababu ni ya bei rahisi, huwafanya baadhi ya watoto wawe wakali, wasitulie, wasilale. Kama mwanao anaimeza na utukutu ulianza baada ya hapo, mwambie daktari maneno hayohayo. Usiikatize mwenyewe, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Usingizi nao. Mtoto anayekoroma usiku kucha kwa sababu ya nyama za puani, au anayelala saa sita usiku kwa sababu chumba kimoja kina televisheni na watu saba, asubuhi hazubai kama mtu mzima aliyekosa usingizi. Anaruka. Na mtoto anayepigwa au anayeogopa mtu nyumbani hawezi kutulia popote.

Nikiambiwa nichague kati ya fomu leo na uchunguzi kamili baada ya mwezi, nachukua uchunguzi kamili, isipokuwa mtoto yuko hatarini. Kwa hapa Tanga njia ya kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, kuomba rufaa ya hospitali ya Bombo, na ikibidi kuendelea Muhimbili, Dar es Salaam, safari ya barabara ya kilomita zipatazo 350. Wa upande wa Korogwe na Lushoto wana Lutindi mlimani, hospitali ya Kilutheri ya magonjwa ya akili iliyoanza enzi za Wajerumani. Popote uendapo, uliza mapema siku ambayo mtaalamu wa afya ya akili yupo na kama anaona watoto, inaokoa nauli.

Dawa, au mafunzo ya mzazi na mwalimu

Tuseme uchunguzi umefanyika na jibu ni ndiyo. Sasa ndipo swali la dawa linapopata haki yake.

Umri unaamua mengi. Chini ya miaka 6 mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unaanza na mafunzo ya wazazi, na wa Uingereza wa mwaka 2018 unasema hivyohivyo kwa walio chini ya miaka 5. Walipojaribu dawa kwa watoto wa shule ya awali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ilisaidia kidogo kuliko kwa wakubwa na maudhi yalikuwa mengi zaidi. Kwa hiyo mtoto wa chekechea sina ninalolinganisha: mafunzo kwanza.

Kuanzia miaka 6 ndipo ubishi unapochemka. Utafiti unaotajwa na pande zote mbili ni wa Marekani na Kanada, unaojulikana kwa herufi MTA, matokeo yake ya kwanza yakatoka 1999. Watoto 579 wa miaka 7 hadi 9 waligawanywa makundi manne kwa miezi 14: dawa iliyosimamiwa kwa karibu, mafunzo ya tabia, vyote viwili, na wa nne waliachwa watibiwe kawaida na madaktari wa mitaani kwao. Dalili zilipungua zaidi kwa waliopata dawa iliyosimamiwa na waliopata vyote viwili. Wapenda dawa husimama hapo. Wapinzani huanzia miaka 3, maana ilipofika miaka hiyo tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka.

Mimi nasimama kwenye kundi la nne. Watoto kama theluthi mbili wa kundi hilo nao walikuwa wanameza dawa, zilezile kwa jumla, lakini hali zao hazikuwa nzuri kama za kundi la dawa iliyosimamiwa. Tofauti ilikuwa katika usimamizi: dozi ilitafutwa taratibu hadi ikapatikana inayomfaa mtoto, familia ilimwona daktari kila mwezi, mwalimu aliulizwa. Na waliopata vyote viwili walitosheka na dozi ndogo kuliko wa dawa peke yake. Mzazi anayelinganisha dawa na mafunzo, alinganishe pia daktari atakayemwona kila mwezi na yule atakayempa karatasi ya miezi sita na kumwambia kwaheri. Kama huyo wa kwanza hapatikani, mafunzo yanapanda juu kwenye mizani.

Mafunzo yenyewe ni nini? Watu hudhani ni kumkalisha mtoto na kumnasihi. Mtoto haongezewi nasaha. Wanaojifunza ni wakubwa. Unamsogelea kabla ya kumwagiza, si kumpigia kelele kutoka jikoni. Unaagiza jambo moja: "Chukua ndoo." Akiileta ndipo unasema la pili. Akifanya vizuri unamsifu palepale, maana sifa ya jioni kwa jambo la asubuhi haimfikii. Adhabu iwe ndogo, ya haraka, isiyobadilika. Na nyumba nzima ikubaliane, kwa sababu mama akikataza na shangazi akiruhusu hakuna mafunzo. Katika nyumba zetu za watu wengi hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, nami nasisitiza bibi aje kwenye kikao.

Darasani mtoto anakaa mbele, mbali na mlango. Kazi ya maswali kumi inagawanywa: matatu, aniletee, kisha mengine. Anatumwa chaki, anafuta ubao, anagawa madaftari. Anaupata mwendo anaouhitaji bila kuonekana mkorofi. Kuna kadi ndogo ya kila siku, malengo mawili au matatu, naweka alama, anaipeleka nyumbani, nyumbani kuna zawadi ndogo kama dakika za mpira. Hata katika darasa la 80 hili linawezekana kwa watoto wanne. Fimbo haimo. Fimbo inamfanya aogope kwa dakika tano. Haimfundishi kushika umakini.

Udhaifu wa mafunzo usifichwe. Yanachelewa, yanachosha, yakilegezwa faida inalegea, na kwa mtoto mwenye hali kali dalili zenyewe hupungua kidogo tu. Kinachobadilika zaidi ni amani ya nyumba. Kwa mtoto ambaye anakaribia kufukuzwa shule, au ameshagongwa na pikipiki kwa kukurupuka, sitamwambia mama yake asubiri mwaka.

Dawa kwa dawa

Bibi mmoja wa Makorora alinijia baada ya kengele, kamshika mjukuu mkono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nambie, hizo dawa wanazotaka kumpa huyu, si ndizo zilezile za kulevya?"

"Ni za ukoo wa karibu, bibi, ndiyo maana zinafungiwa. Lakini kwa kipimo cha daktari hazimlevyi."

"Na akizizoea?"

Maswali ya bibi yana msingi. Dawa kuu ya ADHD ni methilifenideti, inayojulikana zaidi kwa jina la Ritalin. Ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944. Ni kichangamshi, kama jamaa zake amfetamini, ambazo daktari Charles Bradley wa Marekani aliona mwaka 1937 kwamba zinawatuliza baadhi ya watoto na kuwafanya wasome. Methilifenideti iko chini ya udhibiti wa kimataifa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa hiyo huikuti kwenye kila duka la dawa, na haifai kununuliwa bila cheti. Tafiti zilizowafuatilia watoto hao hadi ukubwani hazijaonyesha kwamba kutibiwa kunawaongezea uraibu. Hatari iliyopo ni mwingine kuichukua na kuitumia vibaya au kuiuza, kwa hiyo iwekwe kabatini penye kufuli, na mtoto apewe na mkubwa.

Inaanza kazi ndani ya saa moja hivi. Kidonge cha muda mfupi kinakaa saa 3 hadi 5, kwa hiyo kinataka kurudiwa shuleni; cha muda mrefu kinafika saa 8 hadi 12, hakisagwi wala kutafunwa. Uchambuzi wa majaribio 133 uliochapishwa 2018 uliiweka methilifenideti mbele kwa watoto, kwa matumizi ya muda mfupi. Ila wachambuzi wengine, waliopitia majaribio 185 na kutoa ripoti 2015, walisema inaonekana kusaidia lakini ubora wa ushahidi ni mdogo. Kwa sababu za namna hiyo kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, ingawa miongozo ya shirika hilohilo inaruhusu mtaalamu kuifikiria kwa mtoto wa miaka 6 na zaidi ambaye njia nyingine hazikutosha. Naona kauli hizo zinakaa pamoja vizuri: itolewe na mjuzi, kwa anayeihitaji, isimwagwe.

Maudhi yake ni kukosa hamu ya kula, kuchelewa kulala, kichwa au tumbo kuuma, moyo kwenda mbio kidogo na presha kupanda kidogo. Ukuaji nao unapungua. Katika MTA watoto walioanza dawa walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 baada ya miaka 3. Kwa mtoto ambaye tayari ni mwembamba hilo si dogo. Ale chai nzito kabla ya kidonge, na wali wa usiku uwekwe hadi hamu irudi. Kabla ya kuanza apimwe uzito, urefu, presha na mapigo, na daktari aulize kama kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana kwenye ukoo. Kama mtoto aliwahi kuumwa moyo kutokana na homa ya baridi yabisi, aseme mapema. Kijana anayefunga Ramadhani apange na daktari saa za kidonge kabla ya mwezi kuandama.

Atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, si kichangamshi na haina tatizo la kulevya. Inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, inamezwa kila siku bila kuruka, na kwa wastani nguvu yake ni ndogo kuliko methilifenideti. Inaweza kuleta kichefuchefu na usingizi, na ina onyo la mawazo ya kujidhuru kwa watoto na vijana. Mzazi azungumze na mtoto, hasa wiki za mwanzo. Naiona inafaa pale ambapo nyumbani kuna mtu mwenye uraibu.

Klonidini na guanfasini asili yake ni dawa za presha. Zinasaidia wenye utukutu mwingi, wasiolala, au wenye kukakamaa na kupepesa kusikozuilika. Zinaleta usingizi na kushusha presha. Dawa za zamani za sonona kama imipramini nazo ziliwahi kutumika mahali ambapo hakuna nyingine; zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mtoto mdogo akizimeza nyingi zinaua. Ukiandikiwa, uliza kwa nini hiyo. Na dawa ya kumlaza mtoto mchana kutwa haitibu ADHD. Imenyamazisha darasa tu.

Kombe, sukari na mengineyo

Kusomewa na kunywa kombe sitakuzuia, ni dua, na mzazi anayeombea mwanawe hafanyi kosa. Naomba tu hospitali isisubiri hadi visomo viishe. Anayemfunga mtoto kamba au kumchanja kwa madai ya jini, huyo mkimbie.

Sukari hailaumiki kama tunavyodhani: majaribio yaliyofanywa Marekani miaka ya 1990, mama na mtoto wakiwa hawajui nani kapewa sukari, hayakuona tofauti ya tabia. Rangi za vyakula zina kitu kidogo. Utafiti wa Southampton, Uingereza, wa mwaka 2007 ulikuta baadhi ya watoto wanazidi kuruka wakinywa mchanganyiko wa rangi hizo, na Ulaya ikaweka onyo kwenye chupa. Kupunguza juisi za rangi hakuna hasara, lakini si matibabu.

Kwa hali yako

Msichana mpole anayepoteza kalamu kila siku, anayeitwa mzembe, anayekaa nyuma akitazama mnazi dirishani, apewe uchunguzi uleule anaopewa mvulana anayeruka. Hao ndio wanaokosekana kwenye hesabu. Kijana aliyemaliza shule, anayeacha kila kazi baada ya wiki mbili na kuendesha bodaboda kwa pupa, naye hajachelewa. Kumbukumbu za afya za Sweden zilionyesha wanaume wenye ADHD wakipata ajali kubwa za barabarani chache zaidi katika vipindi walivyotumia dawa.

Mtoto chini ya miaka 6: mafunzo, na kupimwa masikio. Mtoto wa miaka 6 na zaidi mwenye hali ya wastani: anza na mafunzo na kadi ya darasani kwa muhula mmoja, ukijua kwamba dawa ipo. Mwenye hali kali, aliyechunguzwa vizuri, na una daktari wa kumrudia kila mwezi: dawa pamoja na mafunzo, bila aibu. Mwenye hali kali lakini daktari yuko mbali na dawa inapatikana kwa kubahatisha: kabla ya kuanza, uliza itapatikana wapi mwezi wa pili na wa tatu, nani atapima uzito na presha hapa karibu, na simu ya nani utapiga. Nimeona watoto wakianzishwa na kukatizwa mara nyingi kwa kukosa majibu hayo.

Siku ya miadi chukua kadi ya kliniki ya utotoni, vyeti vya kulazwa, orodha ya dawa zote pamoja na za kienyeji, madaftari mawili ya mtoto, barua ya mwalimu na ya ustadhi. Dawa ikianza, mwalimu ajaze fomu ileile kila mwezi bila kuambiwa dozi imepandishwa au la. Ikiwa ni methilifenideti na siku moja imekosekana, mtoto atarudi kwenye utukutu wake na kwa kawaida hakuna hatari nyingine. Klonidini ni tofauti: ikikatwa ghafla presha inaweza kuruka juu kwa hatari, kwa hiyo zikibaki za wiki moja, nenda katafute zingine au umpigie daktari akueleze namna ya kuzipunguza.